Rezo ikilala, seva ziko macho: namna pesa ya simu inavyokwama Masisi na Walikale

Pesa imetoka kwenye simu lakini haijafika kule ilikotumwa. Aliyetuma anaona salio lake limepungua. Anayengoja anaangalia simu yake, hakuna kitu. Ajenti anasema rezo iko mubaya. Kampuni ya simu, ukibahatika kuipata kwenye namba ya msaada, inajibu kwamba mfumo wake unatumika vizuri. Mkaaji wa Nyabiondo ao wa Mubi anarudi nyumbani na wazo moja tu: kuna mtu hapa anadanganya.

Mara nyingi hakuna anayedanganya. Seva za kampuni zinaweza kuwa zima zote, zimegawana kazi vizuri, saa ileile ambayo mteja wa Pinga hawezi kutuma hata franga 1000. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na kuelewa ni namna gani kuna faida kwa kila mtu ambaye mshahara wake, pesa ya masomo ya watoto ao dawa ya mgonjwa wake inapita kwenye simu.

Na leo, katika wilaya za Masisi na Walikale, watu hao ni wengi kuliko mbele. Masisi-Centre iliingia mikononi mwa AFC/M23 tarehe 4 Januari 2025, Goma tarehe 27 ya mwezi uleule. Banki za Goma zikafunga milango, tawi la Banki Kuu ya Kongo vilevile. Walikale-Centre ilichukuliwa tarehe 19 Machi, kisha kundi hilo likatoka mwanzoni mwa Aprili. Kampuni ya Alphamin, yenye kuchimba bati kule Bisie, ilisimamisha kazi tarehe 13 Machi na kuirudia mwezi wa Aprili. Katika miezi ile familia nyingi zilibaki na njia moja tu ya kupokea pesa kutoka Kinshasa, Kisangani, Beni ao ng'ambo: M-Pesa ya Vodacom, ambayo iko Kongo tangu 2012, Airtel Money, ao Orange Money. Njia ikibaki moja, kukwama kwake hakuko tena usumbufu mdogo.

Pesa haiko ndani ya simu

Wengi wanafikiri pesa inakaa ndani ya simu, ao ndani ya kadi SIM. Ndiyo maana mtu akiibiwa simu analia kama vile kaibiwa mfuko. Kweli ni kwamba simu haina kitu. Pesa yako ni mstari mmoja katika daftari kubwa la kampuni: namba yako, jina lako, kiasi kilichobaki. Daftari hilo linaandikwa kwenye mashine zinazoitwa seva, mbali sana na Masisi. Simu inabeba tu swali lako kwenda kule na kuleta jibu.

Daftari likiwa kwenye seva moja peke yake, kuna hatari mbili. Ya kwanza, seva ikiharibika, kila mtu anabaki mikono mitupu. Ya pili, seva ikipata maswali mengi kwa mara moja inazidiwa, hata kama haikuharibika. Siku ya mishahara, wiki ya kuanza kwa masomo mwezi wa Septemba, siku za mbele ya Noeli: watu wanabonyeza simu kwa saa moja, na kila mmoja anataka jibu sasa hivi. Kwa hiyo kampuni zinaweka seva kadhaa zinazofanya kazi kama kundi moja, na mbele yao wanaweka programu ya kugawa kazi. Mafundi wanaiita msawazishaji. Kazi yake ni kuangalia kila ombi linaloingia na kuamua liende kwa seva gani.

Wenye kukaa karibu na parking ya motari wanaelewa jambo hili haraka. Parking yenye mpango ina mtu anayegawa abiria. Namna rahisi ni zamu: wewe, kisha wewe, kisha wewe. Lakini zamu haijui kama motari mmoja amepewa abiria wa hapo karibu na mwingine amepewa yule wa Mweso katika matope ya mvua. Baada ya saa mbili, mmoja amefanya safari tano na mwingine bado yuko njiani. Msawazishaji wa seva ana shida hiyohiyo. Akigawa kwa zamu tu, seva moja itapata maombi mepesi kumi na nyingine itapata maombi mazito kumi. Mwenye akili zaidi anahesabu nani ana kazi chache mkononi kwa dakika hii, na anampa huyo. Tena anauliza kila baada ya sekunde chache: uko mzima? Asiyejibu anatolewa kwenye mstari mpaka apone.

Mpaka hapo mambo ni mazuri. Lakini mfano wa motari unafika mwisho wake hapa, kwa sababu motari wote wanafanya kazi ya namna moja, na daftari la pesa haliko hivyo.

Kusoma ni rahisi, kuandika ni taabu

Kuna maombi ya namna mbili. Mtu anayeuliza salio anasoma daftari. Mtu anayetuma pesa anaandika ndani yake. Kusoma kunagawanywa bila shida: unatengeneza nakala tano za daftari, unaziweka kwenye seva tano, na kila seva inajibu wenye kuuliza. Wakiongezeka, unaongeza nakala ya sita.

Kuandika hakukubali hivyo. Tuseme mama mmoja wa Sake ana dola 50 kwenye akaunti yake. Mtoto wake anashika simu na kutuma 50 kwa fundi wa nyumba. Dakika ileile mume wake, kwa ajenti, anatoa 50 hizohizo. Kama seva mbili zinaandika kila moja kwenye nakala yake bila kuulizana, zote mbili zitaona dola 50, zote mbili zitakubali, na dola 100 zitatoka kwenye akaunti yenye 50. Ndiyo sababu mifumo mingi ya pesa inaweka seva moja kuwa mkubwa kwa kuandika, na zile zingine zinanakili kutoka kwake. Ombi la kuandika lazima lipite kwa mkubwa. Ukiongeza nakala kumi za kusoma, mkubwa hapati nafuu yoyote kwa kazi ya kuandika.

Hapa ndipo kunatoka lile jambo linalowatia watu hasira: umetuma pesa, umepata ujumbe kwamba imeenda, unauliza salio mara moja na linakuonyesha kiasi cha zamani. Hakuna mwujiza na hakuna wizi. Kuandika kulifanyika kwa mkubwa, kuuliza kulijibiwa na nakala ambayo bado haijapata habari. Kwa kawaida uchelewaji huo ni chini ya sekunde moja. Siku ya kazi nyingi unaweza kurefuka, na ule muda mfupi unatosha kumfanya mtu aamini kwamba haikuenda na kutuma tena.

Ili kupunguza mzigo wa mkubwa mmoja, mafundi wanakata daftari vipande. Namba hizi zinaandikwa kwa seva hii, namba zile kwa seva ile, kila kipande na mkubwa wake. Ni njia nzuri, lakini nayo ina kona yake ngumu. Tuseme shirika moja la misaada linalipa familia 5000 za wakimbizi wa ndani siku moja, kutoka akaunti moja. Wale wanaopokea wametawanyika kwenye vipande vyote. Lakini anayetoa ni mstari mmoja, na kila malipo lazima yapunguze mstari huohuo. Malipo yote 5000 yanapanga foleni mbele ya mlango mmoja, na seva zingine zinakaa bure zikiangalia. Unaweza kununua seva za dola milioni na foleni isipungue. Dawa yake si mashine. Ni kugawa ile akaunti kubwa kuwa akaunti ndogo kumi, ao kulipa kwa makundi: wa Kirotshe asubuhi, wa Mweso mchana, wengine usiku. Mashirika yanayolipa watu kwa simu huku kwetu yangefanya vizuri kulizungumza jambo hili na kampuni za simu mbele ya kutangaza siku ya malipo, kwa sababu watu wanatembea saa nyingi kufikia ajenti, na kurudi bila pesa ni kulala njiani.

Wakubwa wawili kwa daftari moja

Swali linalofuata kila mtu analiuliza: na mkubwa akikufa? Mojawapo ya zile nakala inachukua nafasi yake. Inaonekana rahisi. Shida ni kujua kama kweli amekufa.

Tuseme seva mbili ziko katika miji miwili na uzi kati yao unakatika. Kila moja inamwita mwenzake na haipati jibu. Kila moja inasema: basi mwenzangu ameanguka, mimi ndiye mkubwa. Sasa kuna wakubwa wawili, kila mmoja anaandika lake, kila mmoja ana watu wanaomtii. Wakaaji wa Masisi hawahitaji kuelezwa sana maana ya kulipa kodi mara mbili kwa njia moja, kwa watu wawili ambao kila mmoja anasema yeye ndiye serikali. Katika daftari la pesa matokeo ni mabaya vilevile: uzi ukirudi, kuna historia mbili za akaunti moja na hakuna mtu anayejua ya kweli.

Mafundi walipata jibu ambalo lina akili nzuri: usiweke seva mbili, weka tatu, ao tano, na sema kwamba hakuna mkubwa bila wengi. Kati ya tatu, lazima wawili wakubaliane. Uzi ukikatika, upande wenye wawili unaendelea na upande wenye mmoja unanyamaza, hata kama ni mzima kabisa. Unanyamaza kwa makusudi. Kwa hiyo kuna saa ambapo mfumo unakataa kukuhudumia kwa sababu umechagua usalama wa pesa yako kuliko haraka yako. Kwa hesabu ya pesa, huo ni uchaguzi mzuri. Kwa mtu aliye mlangoni mwa hospitali na mgonjwa, ni vigumu kuukubali.

Majirani wa mashariki wamepita njia hiyo kwa wazi zaidi. M-Pesa ilizaliwa Kenya mwezi wa Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani: mtu wa Kisumu akimtumia ndugu yake wa Nakuru, ombi lilisafiri mpaka Ulaya na kurudi. Aprili 2015 Safaricom ilihamisha mfumo wote na kuuleta Kenya. Septemba 2025 ikaubadilisha tena, ikatangaza uwezo wa malipo 6000 kwa sekunde moja, na seva zinazofanya kazi kwa pamoja katika sehemu zaidi ya moja badala ya moja kufanya kazi na nyingine kungoja ajali. Kenya walifika hapo kwa kusukumwa: kila mfumo ulipolala saa chache, maduka yalisimama, na kelele zilikuwa za inchi nzima.

Kwetu kelele za namna hiyo haziko. Mfumo ukilala kwa Kinshasa, habari inatoka. Pinga ikikatika siku nne, nani anatangaza?

Antene haina msaidizi

Tufike sasa kwenye mzizi wa mambo. Popote seva zilipo, kati yake na simu ya mkaaji wa Walikale kuna mnyororo. Simu inaongea na antene. Antene inaongea na antene nyingine ya kilima cha mbele, kwa mawimbi, ile nayo inaongea na nyingine, mpaka kufika kwenye uzi mkubwa ao kwenye setilaiti. Kule juu, kila kitu kimewekwa mara mbili ao tatu, na msawazishaji anachagua. Huku chini, sehemu nyingi zina antene moja, betri zake, jenereta yake, na mazutu inayoletwa kwa barabara. Antene ya katikati ikilala, zote zilizo nyuma yake zinalala pia, hata kama zina umeme wa jua na betri mpya.

Wilaya ya Walikale ina kilometa mraba zaidi ya 23 000. Inakaribia ukubwa wa Rwanda yote, na ni zaidi ya sehemu tatu kwa kumi za jimbo la Kivu ya Kaskazini. Msitu ni mzito, barabara kubwa ni ile ya namba 3 inayotoka Bukavu, kupita Hombo na Walikale, kwenda Lubutu na Kisangani, na ile inayopanda kutoka Masisi. Masisi ni ndogo zaidi na ina watu wengi, lakini milima yake inakata mawimbi, na tangu vita vya 2024 na 2025 barabara ya Sake kwenda Masisi imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Fundi wa antene hawezi kupita pale ambapo motari mwenyewe anaogopa. Mazutu ikikosa, hakuna msawazishaji wa kugawa kitu.

Dunia nzima ililiona jambo hili siku moja, tarehe 4 Oktoba 2021, wakati Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea kwa saa sita hivi. Watu walifikiri seva zimeungua. Hazikuungua. Kampuni ile ina seva nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na karibu zote zilikuwa zima. Amri moja ya kazi ya matengenezo ilikata njia zinazounganisha vituo vyake, na intaneti ikasahau namna ya kufika kwao. Mwezi wa Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikapata intaneti ya kujikokota. Hapo pia hakuna seva iliyokuwa na kosa. Tofauti ni kwamba Facebook ilirudi baada ya saa sita.

Kuna jambo lingine dogo ambalo halizungumzwi na ambalo, kwa kuangalia vizuri, ndilo lenye kuumiza watu wa vijiji zaidi. Kila ombi lina muda wake. Mfumo unasema: nikikosa jibu kwa sekunde kadhaa, ninafunga. Sheria hiyo ni moja kwa wote, inaonekana ya haki. Lakini mtu wa mjini anajibu menyu kwa sekunde chache na mawimbi yake ni mazuri. Mtu wa Katoyi anabonyeza, anangoja, anabonyeza, mawimbi yanapotea, yanarudi, muda umekwisha. Siku ambayo seva zimelemewa, kila jibu linachelewa kidogo. Kwa mtu wa mjini ucheleweshaji huo ni kukunja uso. Kwa mtu wa Katoyi ndio unaomtoa nje ya mlango. Ndivyo mzigo wa siku ya mishahara unavyoangukia wale walio mbali, bila mtu yeyote kuamua hivyo. Kampuni ikitazama hesabu yake ya jumla inaona maombi mengi sana yamefaulu, na inafurahi. Yale machache yaliyoshindwa hayakutawanyika sawasawa kwa jimbo zima. Yanaangukia antene zilezile kila mara.

CENI nayo iligawa kazi

Yule anayefikiri hii ni shida ya kampuni za simu tu, akumbuke uandikishaji wa wapiga kura. CENI haikuwa na mashine za kutosha kwa Kongo yote kwa siku moja, ikagawa inchi sehemu tatu. Magharibi walianza tarehe 24 Desemba 2022, sehemu ya pili tarehe 25 Januari 2023, na majimbo ya mashariki tarehe 16 Februari 2023. Mashine zilezile zilitoka sehemu moja kwenda nyingine. Kila mashine iliandika watu bila kuwa na rezo, kisha majina yakapelekwa Kinshasa kuunganishwa katika daftari moja na kutafuta walioandikwa mara mbili. Ni mpango uleule wa seva: kazi imegawanywa pembeni, ukweli mmoja katikati. Mwishoni daftari lilikuwa na watu karibu milioni 44.

Walikale iliingia katika daftari hilo. Masisi na Rutshuru hazikuingia, pamoja na Kwamouth kule Mai-Ndombe, kwa sababu ya vita. Tarehe 20 Desemba 2023 inchi ilipiga kura bila wao. Wakimbizi wa ndani waliokuwa kandokando ya Goma waliona uchaguzi ukipita mbele ya mahema yao. Hakuna programu iliyoanguka, hakuna seva iliyozidiwa. Kazi iligawanywa vizuri kati ya sehemu zilizofikiwa, na ile isiyofikiwa haikuleta hata ujumbe wa kosa. Haikuwemo tu.

Kwenye afya mambo yako kidogo tofauti, na kuna la kujifunza. Zone za afya za Masisi, Mweso, Kirotshe, Katoyi, Walikale, Kibua, Pinga na Itebero zinapeleka ripoti zao za kila mwezi katika mfumo unaoitwa DHIS2, uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara ya afya. Ripoti za watu wengi zinaingia siku za karibu na mwisho wa muda, kwa hiyo seva inalemewa siku hizo na kupumzika siku zingine. Lakini programu ile ya kwenye simu inakubali mtu aandike bila rezo na kutuma akipata mawimbi. Wagonjwa wa malaria wakichelewa kuhesabiwa siku mbili, bado watahesabiwa. Pesa haikubali kungoja namna hiyo, kwa ile sababu ya dola 50 za mama wa Sake: mtu akiwa hana rezo, hakuna anayeweza kujua kama hakuzitumia mahali pengine.

Ya kufanya, na ya kudai

Kwa mkaaji, kuna jambo moja la muhimu kuliko yote. Ujumbe ukisema ombi halikufaulu ao simu ikinyamaza katikati, usitume tena mara moja. Kunyamaza hakumaanishi kwamba haikuenda. Inawezekana mkubwa ameandika na jibu ndilo limepotea njiani. Angalia kwanza historia ya malipo kwenye menyu, ao ngoja ujumbe wenye namba ya malipo. Kila malipo yaliyoandikwa yana namba yake ya peke yake. Namba ikiwepo, pesa imeenda, hata kama salio bado linaonyesha mambo ya zamani. Namba isipokuwepo kwenye historia baada ya muda mzuri, hapo tuma tena. Ajenti naye asitoe pesa mkononi kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Aangalie historia ya simu yake mwenyewe, kwa sababu wezi wanajua kuandika ujumbe unaofanana na ule wa kampuni. Na ujumbe wenye namba usifutwe mpaka aliyetumiwa ashike pesa. Bila namba, malalamiko kwa kampuni ni maneno matupu.

Kwa kampuni, kusema "mfumo uko sawa" hakutoshi tena. Kila kampuni inajua kwa dakika antene gani imelala na tangu saa ngapi. Ingeweza kusema kwa redio za hapa: Nyabiondo hakuna, Mubi itarudi kesho kama mazutu ikifika. Jambo hilo halihitaji seva mpya. Kuongeza muda wa kungoja kwa antene za mbali nako ni kazi ya fundi wa programu, si ya kujenga barabara. Na yule aliyetuma mara mbili kiasi kilekile, kwa namba ileile, ndani ya dakika mbili, mfumo unaweza kumwuliza: una hakika? Kuna mifumo inayofanya hivyo, na haileti gharama kubwa.

Kwa serikali, mwenye kusimamia kampuni za simu ni ARPTC, na mwenye kusimamia pesa ya simu ni Banki Kuu. Mmoja anaangalia antene, mwingine anaangalia daftari, na shida ya Walikale iko katikati yao. ARPTC ilikataza Starlink mwezi wa Machi 2024, kisha ikaipa ruhusa mwezi wa Mei 2025. Setilaiti ya namna hiyo inaweza kuipa antene ya Pinga njia ya pili pale ambapo kilima cha katikati kimelala, na njia ya pili ndiyo kitu pekee ambacho msawazishaji anahitaji ili awe na cha kuchagua. Lakini inabaki kujua nani atalipa, kwa kijiji ambacho wateja wake wanatuma franga chache, na nani atahakikisha kwamba chombo chenyewe hakitabebwa siku ya kwanza na mtu mwenye bunduki. Kampuni zinasema hesabu hailipi. Huenda ni kweli kwa antene moja ukiitazama peke yake. Rubaya peke yake, katika wilaya ya Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, na Bisie ya Walikale karibu asilimia 6 ya bati. Vyuma hivyo ndivyo vinavyotengeneza simu na seva zenyewe.